Mbwa Mwenye Masikio ya Punda

Mama yangu hajawahi kusifu kitu anachotaka kukinunua. Huo ni ufundi alioupata mnadani, enzi ambazo yeye na marehemu baba walikuwa wananunua ng'ombe. Baba alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona mtamba mzuri, anasema papo hapo, mbele ya mwenye mali, "Aisee, huyu mzuri!" Bei inapanda akiwa bado hajafunga mdomo. Mama akaona familia itakufa njaa, akamwambia baba awe anakaa kwenye gari anywe chai, yeye ataongea.

Na aliongea. Alimzunguka ng'ombe pole pole, mikono nyuma, uso umekunjamana, akaanza kumponda. Huyu mbona mgongo umebonyea? Hizi kwato amezaliwa nazo au kaazima? Kadiri alivyompenda ng'ombe ndivyo alivyomtukana. Akishamaliza anaaga, anaondoka taratibu kuelekea kwenye gari, na kabla hajafika mwenye ng'ombe anamwita. Kila mtu mnadani alikuwa anaujua mchezo huo. Unaponda, unaondoka, unaitwa.

Shida ni kwamba ufundi huu aliurudisha nyumbani. Nilipokuwa shuleni, nikija na habari kwamba nimekuwa wa pili darasani, mama alikuwa anauliza huyo wa kwanza kwao wanakula nini. Siku ya harusi yangu alinitazama kwenye shela akasema kitambaa kizuri, bahati mbaya aliyevaa. Kaka yangu mkubwa, ambaye sasa anaishi Dar, alipopata kazi benki aliambiwa wamekosa watu.

Sasa mama ni mjane, anaishi peke yake Buhongwa, kwenye nyumba iliyokaa katikati ya mawe makubwa mawili ambayo baba alikataa kuyapasua. Mwaka jana mbwa wake wa zamani alikufa kwa uzee. Alikuwa mbwa koko wa rangi isiyojulikana, mama alimwita mvivu miaka yote na alipokufa hakula siku nzima. Haukupita muda wezi wakaingia wakabeba pampu ya maji na kuku wote, wakaacha jogoo mmoja tu aliyekuwa na kelele.

Kaka akapiga simu akatoa amri. Mama apate mbwa wa maana, mbwa wa mbegu anayeeleweka, wa wale wa Kijerumani ambao mtaani tunawaita mbwa wa polisi. Ikifika Pasaka hajapata, anakuja kumchukua ahamie Dar, kwenye nyumba yake ya ghorofa. Mama alishawahi kukaa kule. Alirudi amekonda, akatuambia kule jua wanaliona kwa zamu, na mtu akitaka kukanyaga udongo inabidi apande lifti. Safari hii hakutania. Aliniambia, "Mimi nikipelekwa kule, mtanirudisha kwenye jeneza." Nikaona Pasaka ile pale, nikaanza kutafuta mbwa.

Nina duka la dawa Mkolani, kwa hiyo wateja wangu wakajua kabla ya majirani. Mteja mmoja akanielekeza kwa bwana mmoja hapo hapo Mkolani anayeuza watoto wa mbwa wa Kijerumani. Nilikuwa nimeshasoma kwenye simu mambo ya kuangalia, nikajiona mtaalamu. Nikamchukua mama, tukaenda.

Yule bwana alitutolea boksi la sabuni. Ndani kulikuwa na mtoto wa mbwa mmoja, tumbo limevimba kama ngoma, na masikio yote mawili yamesimamishwa kwa plasta. Plasta naiuza mwenyewe, naijua hata kwa mbali.

"Mbona ana plasta?" nikauliza.

"Aliumia kidogo."

"Masikio yote mawili?"

"Alianguka kifudifudi."

Mama akauliza mama wa mbwa yuko wapi, maana yeye hanunui ndama bila kumwona ng'ombe aliyemzaa. Bwana akajibu kwa heshima zote kwamba mama wa mbwa yuko Arusha, kikazi.

"Kikazi," alisema mama.

"Ndiyo mama, anafanya ulinzi."

"Na huyu kamwachia nani ziwa?"

Nikabonyeza lile tumbo taratibu. Lilikuwa gumu, fizi zake zimepauka, na macho yana tongotongo. Ile ilikuwa minyoo tu, na ya muda mrefu. Nikampa yule bwana dawa bure kutoka kwenye pochi yangu, nikamwonyesha namna ya kumpimia. Plasta nikaibandua, masikio yakalala chini kwa raha. Mama hakuponda chochote. Alimtazama yule mbwa kwa huruma, akaaga kwa adabu, tukaondoka. Kwa mama, adabu maana yake biashara hakuna.

Wiki kadhaa zikapita hivyo, muuzaji mmoja mbwa wake hana chanjo, mwingine anatuma picha tu na anataka hela kwanza, na Pasaka inasogea. Kaka akaanza kuuliza mama anavaa viatu saizi gani, maana Dar anahitaji raba za kutembelea ufukweni. Mama akakata simu.

Ndipo tukasikia habari za mama mmoja wa Kigongo. Zamani alikuwa na mgahawa pale kivukoni, akiwalisha watu waliokuwa kwenye foleni ya pantoni. Daraja lilipofunguliwa, magari yakawa yanapita bila hata kupunguza mwendo, na samaki wake wakabaki wanaangaliana na chipsi. Alikuwa na mbwa wawili wa Kijerumani waliolinda mgahawa, akaamua kufuga kwa dhati.

Tulimkuta kwenye uwanja uliofagiwa, ziwa linaonekana nyuma ya banda. Nilinusa kwanza, kama nilivyosoma. Hapakuwa na harufu ila ya dagaa. Akamsalimia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba, tukapewa viti na soda. Bila kuombwa akamfungulia jike, mama wa watoto, akamtembeza mbele yetu aende na kurudi.

"Mtazameni miguu ya nyuma anapoinuka," alisema. "Hawa shida yao iko nyongani. Mkiona mama anaburuza, mtoto msimchukue hata bure."

Jike aliinuka vizuri, akatujia, akamnusa mama viatu, akaenda kulala kivulini. Kadi ya chanjo tukaonyeshwa. Halafu yule mama akafanya kitu ambacho hakijawahi kufanywa mnadani: akaanza kutuuliza sisi maswali. Nyumbani anakaa nani mchana? Uzio upo? Mbwa atafungwa mnyororo? Akiugua mtampeleka wapi? Mama alijibu huku ananitazama pembeni, kama mtu aliyeenda kununua ng'ombe akaulizwa ng'ombe atalala na nani.

Watoto wakafunguliwa. Mmoja, dume, miguu mikubwa, sikio moja limeanza kusimama na lingine halijaamua, alikuja moja kwa moja kwa mama akakamata pindo la kitenge, akavuta. Kitenge kilikuwa kipya. Mama hakukiondoa. Nikajua yameisha, tumepata mbwa.

Basi mama akaanza.

"Huyu ndiye mbwa? Masikio ya punda haya. Na hii miguu, si atakuwa anajikwaa hadi kwenye bakuli lake? Halafu pua mbichi, ana mafua?"

Nikamkanyaga mguu, maana pua mbichi ndiyo afya yenyewe. Akanikanyaga na yeye.

"Mkia umepinda. Sura ya kinyonge. Huyu mwizi akimwona atamwonea huruma amnunulie maandazi."

Yule mama wa Kigongo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akamtoa mbwa kwenye kitenge taratibu, akambeba.

"Basi mama, poleni kwa safari. Karibuni samaki kabla hamjaondoka."

Akaingia ndani na mbwa.

Mama alijua hatua inayofuata ni ipi, akasimama, akaanza kuondoka. Sijawahi kuona mtu mzima akitembea taratibu vile. Akasimama kurekebisha kiatu. Akajifunga kitenge upya. Akafungua mlango wa gari, akaufunga, akaufungua tena. Hakuna aliyemwita. Nyuma yetu kulikuwa na sauti ya mafuta yanayochemka tu.

"Washa gari," akasema kwa sauti ya kusikika hadi Busisi, ng'ambo ya ziwa.

Nikawasha.

"Haraka ya nini?" akaniuliza.

Tukafika barabara ya lami. Nilimtazama nikaona anatazama mbele, mdomo umebana, na mikono yake inashika pindo la kitenge pale lilipolowa. Nilitaka kucheka lakini roho iliniuma. Pasaka ilikuwa karibu sana.

"Rudi," alisema. "Nimesahau mwavuli."

Hatukwenda na mwavuli. Nikageuza gari.

Yule mama alikuwa anageuza samaki kwenye karai. Nikamwahi kabla mama hajateremka, nikamweleza: dada, usimchukulie vibaya, huyu akipenda kitu ndivyo anavyosema. Mnada ndio ulimharibu. Hata sisi wanawe ametulea hivyo.

Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Nyie mlielewa," alisema. "Sasa mbwa atajuaje?"

Kusema kweli, sikuwa na uhakika kama sisi nasi tulielewa.

Mama alikuwa ameshafika, na alikuwa amesikia. Akasimama pale uani bila kujua mikono aiweke wapi, mwanamke aliyewahi kuwatetemesha wauza ng'ombe wa mnada mzima.

"Wanataka kunipeleka ghorofani," akamwambia. "Nyumba yangu iko Buhongwa. Mume wangu aliijenga. Nikimpata huyu, nabaki."

"Huyu yupi?"

"Huyo mwenye masikio."

"Masikio ya punda?"

Mama akavuta pumzi. Akaomba aletewe mbwa, akampakata, akainama kabisa, akamwambia maneno kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini sana. Nilikuwa karibu, niliyasikia. Sitayaandika hapa. Yalikuwa maneno matamu, na katika maisha yangu yote mimi sijawahi kuambiwa hata moja. Nilimwonea wivu yule mbwa, wivu wa waziwazi, mimi mtu mzima mwenye duka.

Yule mama akafuta mikono. "Haya sasa," alisema. "Ukishindwa kumlea, mrudishe kwangu, usimgawe." Bei hatukubishana. Mama alilipa kama alivyotajiwa, na nadhani baba huko aliko alianguka kwenye kiti.

Kabla hatujafika Usagara mbwa alikuwa ameshatapika kwenye kitenge. Kaka, niliyekuwa nimemtumia ujumbe kabla hatujaondoka, akapiga simu, nikaweka sauti kubwa.

"Mama, nasikia mmepata mbwa. Yukoje?"

"Hafai," alisema mama, huku anamfuta mdomo mbwa kwa kilemba chake. "Masikio ya punda. Ametapika kila mahali. Na miguu yake usiniulize."

Mtu mwingine angemwambia basi rudisha. Lakini kaka alilelewa nyumba ile ile.

"Hivi kumbe," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Basi Pasaka tutakuja huko sisi na watoto."

"Mje mle nini? Mnakula sana nyie."

Mama akakata simu. Tukaendelea na safari, mbwa amelala, lile sikio lisiloamua limeangukia mkono wa mama. Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Mama, yale uliyomwambia mbwa, mimi utaniambia lini?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza ziwa liko upande gani.

"Wewe si nilikuambia siku ile ile uliyozaliwa? Walivyonipa nikushike tu, nikasema, mtoto gani huyu, kichwa kikubwa hivi."