Nilifuta Majina ya Vitabu Kwenye Insha ya Binti Yangu

Ndugu zangu, mkosaji ni mimi. Msiisingizie kompyuta, nimeshaisingizia mwenyewe mpaka imechoka.

Nina kijiduka cha kuchapa na kutoa kopi hapa Kitai, barabarani. Shule niliishia darasa la nne, ila kompyuta nilijifundisha kwa kidole kimoja, mpaka kidole hicho kimeota misuli kama paja la mcheza mpira. Watu wakaanza kuniita Profesa. Na mimi nikaanza kuitika.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Aliandika insha ya mashindano ya shule za huku Mbinga na kule Nyasa, kuhusu vitabu na mashairi aliyosoma. Mshindi anapelekwa Dar es Salaam kutuwakilisha, na yeye mbali kabisa alikowahi kufika ni Songea, tena kung'olewa jino. Alisoma vile vitabu mpaka ugali ukawa unamuungulia jikoni.

Insha ilitakiwa ichapwe. Asubuhi akiwahi shule akaniachia daftari, akasema, "Baba, piga kama ilivyo. Usiongeze, usipunguze."

Nikamwambia, "Mwanangu, unamfundisha nani?"

Nafungua daftari, nakuta maneno mengine yamepigwa mstari chini yake. Mstari wa rula, umenyooka. Nikamhurumia. Nikasema maskini, mwalimu kamkosoa mtoto vibaya hivi!

Mnielewe jamani. Kabla ya duka nilifanya kazi miaka mingi kwenye kinu cha kahawa. Pale gunia likipigwa mstari wa mkaa limekataliwa, toa nje. Na darasani kwetu mwalimu akikupigia mstari, fimbo ipo njiani. Tangu nizaliwe sijaona kitu kizuri kikipigwa mstari.

Nikatoa. Maneno yote yenye mstari, nje! Mengine yalikuwa yamefungiwa alama za kunukuu. Nikajiuliza, hapa nani kasema? Msemaji simwoni. Nayo nje! Nikabana nafasi, insha ikawa safi kama kahawa ya daraja la kwanza. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea, basi nikaitia bahasha nikampa kondakta wa gari la Mbamba Bay.

Jioni binti akauliza kama nimepiga kama ilivyo. Nikasema ndiyo. Hilo la uongo nalo liwekeni juu yangu.

Siku ya matokeo tukaenda wote Mbamba Bay. Nilishatangaza Kitai nzima, mpaka mbuzi walikuwa na taarifa. Nikavaa suti ya harusi yangu, imenibana napumua kwa zamu.

Jaji alikuwa Madamu mmoja wa kuhamia, lafudhi ya Tanga kabisa. Akasema kabla ya washindi atatusomea insha moja ya ajabu. Akasoma: "Katika mwandishi anapinga rushwa. Rushwa hiyo haimo katika, ila imejaa katika."

Ukumbi ulicheka mpaka nikadhani ziwa limehama. Na mimi nilicheka! Nilicheka kuliko wote, nikampiga jirani yangu begani, nikamwambia kuna wazazi wana kazi.

Ndipo akamwita mwenye insha asimame. Akasimama binti yangu.

Madamu akafafanua kwamba jina la kitabu hupigiwa mstari, au kwenye kompyuta herufi zake zinalazwa, na jina la shairi moja linafungiwa alama za kunukuu. Wasomi nao! Kitabu kilazwe kama mgonjwa, shairi lifungiwe kama mbuzi. Ningejuaje mimi?

Halafu akamuuliza, "Vitabu vyenyewe umevisoma kweli, au ulisimuliwa?"

Binti yangu akanitazama. Mara moja tu. Alishajua.

"Nimevisoma, Madamu," akasema. Jina langu hakulitaja.

Mimi niko safu ya pili, miguu yote miwili mizima. Ningesimama tu. Badala yake nikainama kufunga kamba ya kiatu. Na kiatu chenyewe hakina kamba!

Akashinda mvulana wa Chiwanda. Tuliporudi nyumbani nikaanza hadithi zangu za virusi vya kompyuta. Binti akanisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Baba, kukosea sijali. Ungesimama."

Shuleni kwao mpaka leo wanajua hakusoma. Daftari lake analo, angelionyesha angesafishika siku hiyo hiyo. Halionyeshi, kwa sababu atakayechekwa ni mimi. Na mimi kwenda kumweleza mwalimu wake, kila wiki nina safari ya wiki ijayo.

Siku hizi kazi zake anachapisha kwa mshindani wangu, ng'ambo ya barabara. Anapita mlangoni kwangu, shikamoo baba, marahaba, daftari amelikumbatia. Yule jamaa hajui herufi zinalalaje wala zinaamkaje, ila anapiga kama ilivyo.

Basi nyie wenye vijiduka, na nyie wazazi wajuaji: ukiona mstari kwenye kazi ya mtu, muulize aliyeuchora. Na ukiharibu, simama palepale, watu wakiwa bado wamekaa. Ukichelewa utabaki kuomba msamaha kwa watu ambao hukuwakosea, kama ninavyowaomba nyie sasa hivi.