Maganda Shinani

Jumamosi mwenye nyumba alinibishia mlango, mkononi ameshika maganda mawili ya ndizi. Nilikuwa nimekula ndizi hizo kwenye mgomba wake nikitoka kazini, nikayaacha maganda shinani, peupe kabisa. Akanitajia bei ya kila ndizi. Ndugu yangu, hapa Shelisheli, ninakofanya uuguzi kwa mkataba, hata kitunguu kimepanda meli, na kodi humeza nusu ya mshahara wa mgeni. Nililipa. Kilichoniuma ni kwamba aliniona mwizi.

Mimi ni mtoto wa kijiji cha Wenje, nimelelewa na nyanya kando ya Mto Tana. Kwetu mwenye njaa alikula shambani mwa yeyote mpaka ashibe, ila asibebe. "Na maganda uyaache shinani," nyanya alikuwa akituambia, "mwenyewe ajue alipita mgeni, si mwizi." Msimu wa mpunga tulishinda tukiwinga ndege, tunapiga debe na kupayuka hadi sauti zinakauka. Njaa ikituzidi, tunaingia kwenye migomba iliyo karibu. Ndizi zilikuwa na joto la jua, udongo wa mafuriko unanukia, na kwa mbali unasikia kengele za ng'ombe wa Waorma wakishuka kunywa maji. Nyanya akikuta maganda shambani kwake alicheka, "Leo tumetembelewa!" Siku nyingi zikipita bila maganda, alinuna, akiuliza ni nani tuliyemkosea.

Basi tangu Jumamosi situlii. Mkataba mpya uko mezani, miaka miwili mingine, na sahihi inatakiwa Ijumaa. Naushika, nauweka, nafagia sakafu niliyokwisha kuifagia. Moyoni nilishaamua: heri mshahara mdogo, mradi niwe kwa watu wangu. Jana nikampigia nyanya kumwambia narudi.

Nyanya akanijibu: "Mto umekula nusu ya shamba, mjukuu wangu. Iliyobaki wajomba zako wameizungushia seng'enge. Ndizi siku hizi nanunua Garsen, zaja na lori kutoka bara."

"Na mpita njia mwenye njaa je?"

"Apite tu."

Nilikuwa nimebeba kijiji kizima kichwani miaka yote hii, kumbe nyanya mwenyewe alishakiaga. Kila nikimpigia huniuliza nitarudi lini, na mimi humdanganya kuwa karibu. Jana hakuuliza. Aliniambia niweke sahihi, na simu akaikata yeye kwanza.