Mwalimu Aliyejua Majina ya Mama Zao

Shule niliiacha darasa la tatu, kule Tanga, lakini jina likiniingia kichwani halitoki. Walioketi nami dawati moja nawajua wote mpaka leo. Kwa hiyo nikisema niliwahi kusaidia kuchagua shule ya Kiyahudi, ya watoto wa kiume watupu, tena katika nchi ya baridi nisiyopata kuikanyaga, msidhani uzee umenipanda.

Nilikuwa Doha, upande wa Al Rayyan, nikifanya kazi kwa familia ya Kiyahudi. Baba daktari, mama mwalimu wa chuo. Watu wapole. Jikoni sufuria za nyama mbali, za maziwa mbali, maana dini yao haivichanganyi. Nikazifunga nyuzi, nyekundu na nyeupe, zisinichanganye. Mtoto wao mmoja, wa miaka sita, nilimlea tangu anatambaa. Mimi ndiye Bibi yake.

Mkataba wa baba ukawa unakwisha, wanarudi kwao, shule itafutwe. Wasiwasi wetu ulikuwa mmoja: mtoto hakuwa akisema mbele ya wageni. Siku moja alirudi na cheti cha kuogelea cha mtoto mwingine. Mwalimu kamkosea, naye kapokea, kanyamaza.

"Kwa nini hukusema si chako?"

"Bibi, mwalimu alikuwa amefurahi sana."

Mama yake aliposikia alikwenda kulia bafuni.

Shule zilikuwa mbili, na zote tulizitazama kwenye kompyuta, kwa simu ya video, juu ya meza ya chakula. Madamu, mama wa mtoto, akaniambia, "Keti, nawe utazame." Dereva wetu, Mkenya, aliyeniita shosh, ndiyo bibi kwao, alikuwa anapita na katoni ya maji.

"Eh, shosh! Umekuwa waziri wa elimu?"

"Nenda zako. Kuku hajui kusoma, lakini anamjua mwenye mtama."

Ya kwanza ilikuwa kubwa, inang'aa kama benki. Mkuu wake, kijana mwenye tai, alitembea na simu akituonyesha bwawa na maabara. Kila mtoto aliyepita alimwambia, "Mambo, bingwa!" Madamu alifurahi. Mimi nikahesabu mabingwa kumi na mmoja, na jina sijasikia hata moja.

Ya pili ilikuwa nyumba tu, yenye ngazi za mbao zinazolia. Mkuu alikuwa rabi mzee asiyejua kushika simu. Tukaonyeshwa ndevu zake, kisha dari, kisha ndevu tena. Mtoto wetu akacheka. Madamu akaninong'oneza, "Hawana hata uwanja."

Mimi nilikuwa nakumbuka jambo. Mtoto alipopata homa, Madamu alimwombea kwa jina lake na la mama yake, si la baba. Hata kwetu, mwenye kukutazamia nyota huuliza jina la mama. Nikasema, "Madamu, mwulize hao wavulana akiwaombea huwatajaje."

Madamu akamwuliza; mzee akageuza simu darasani, akaanza: fulani mwana wa mama fulani, fulani mwana wa fulani. Kumi na saba. Alipofika kwa mmoja akasita. "Huyu kaja juzi." Akainama, akamwuliza, akarudia jina la mama yule taratibu, kama anayeonja mchuzi. Kisha ndevu zikarudi kwetu.

"Na wewe, bwana mdogo?"

Madamu akafungua mdomo amjibie. Nikamfinya paja chini ya meza. Mwajiri wangu, eti! Lakini nilimfinya.

Halafu mtoto akataja jina lake. Akataja la mama yake. Akaongeza na langu.

"Huyo wa tatu ni nani?" mzee akauliza.

"Bibi. Huyu hapa."

Uwanja ukasahauliwa.

Waliondoka kiangazi kile, nami nikarudi Tanga na goti langu bovu. Siku nilipokuwa nangoja kupasuliwa, simu ikaleta ujumbe, sauti ya mtoto, imekuwa nzito kidogo. Alikuwa amenyoosha mkono mbele ya darasa zima, akaomba Bibi yake aombewe. Mzee kakubali, kasema jina langu analikumbuka, ila kuna kitu kinapungua.

"Bibi, mama yako alikuwa anaitwa nani? Wote wananingojea."

Miaka mingi hakuna aliyeniuliza. Nikambonyezea pale pa kurekodi, nikalitaja mara mbili, pole pole, walishike vizuri.