Ndiva Iliyoitwa Ziwa

Bango lilifika kabla ya yeyote kutuuliza neno. Lilipandishwa kwa lori kutoka Hedaru, mafundi wakalisimamisha juu ya ukuta wa ndiva yetu, upande wa kijiji cha Mamba: KARIBU ZIWANI. Serikali ilikuwa imetoa fedha za kutangaza utalii wa milimani, na afisa aliyetumwa kuzisimamia alihitaji ziwa la kupigwa picha.

Ndiva si ziwa. Ni bwawa la udongo; hujaa usiku, asubuhi hufunguliwa, maji yakashuka mferejini hadi kwenye mashamba ya tangawizi. Mjomba wangu ndiye mfunguaji, kama baba yake. Ukuta wa ndiva haukujengwa kushinda na maji mchana kutwa.

"Lisifunguliwe hadi wapiga picha waje," afisa alisema.

"Litapasuka," mjomba akajibu.

"Mzee, umeona wapi ziwa linafunguliwa kama soda?"

"Na wewe umeona wapi ziwa lenye kizibo?"

Tulicheka, hata afisa. Kisha akauchukua mti mrefu wa kuzibulia kizibo, akaufungia ofisini.

Wapiga picha walikuwa waje Jumatatu. Ukungu ukashuka, wakaahirisha. Wakaahirisha tena. Siku ya tano niliona unyevu chini ya ukuta, ukubwa wa ungo. Kutoka hapo hadi mlangoni kwa mama mdogo, aliyeishi chini ya ukuta, nilihesabu hatua arobaini.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekuja kuniangalia mimi au ukuta?"

Alinionyesha mafiga yake. Majivu yalikuwa yameloa, na mvua haikuwa imenyesha.

Alfajiri ya siku ya saba mjomba alikata mti mwingine, tukapanda naye. Alisukuma, akazungusha, akaning'inia kwa uzito wake wote. Kizibo hakikutikisika. Kilizoea kuzibuliwa kila siku. Sasa tope la wiki nzima lilikuwa limekishika. Alishuka hadi penye unyevu, akakinga maji kiganjani. Jana yalitoka maangavu. Leo yalikuwa mekundu.

"Ukuta unaliwa kwa ndani," alisema. "Kamwambie mama yako mdogo ahame. Sasa hivi."

Mama mdogo hakubisha. Alibeba godoro, mimi nikabeba mafiga mawili. La tatu alikataa tulirudie. Tulipopanda hadi kwenye bango, alikokuwa mjomba, ukungu ulifunguka, jua likawaka juu ya maji yaliyojaa pomoni. Simu ya mjomba ikaita. Alikuwa afisa, mwenye furaha: hali ya hewa ni nzuri, wageni wameshafika, wanashuka garini chini ya ukuta.