Siku Arobaini za Vifaru

Wanaume wa rika langu wakikaa pamoja hawachelewi kufika kwenye gemu za zamani. Mwezi uliopita shemeji zangu wawili walikaa uani kwangu hapa Kang'ata, wanakunywa chai yangu, wanakumbushana. Kaseti za njano. Kaseti iliyoandikwa ina gemu elfu moja kumbe zimo saba. Namna ulivyoipuliza ikigoma kuwaka. Namna ulivyolenga TV kwa bunduki ya plastiki, bata wakaanguka. Zamani gemu zilikuwa gemu, wanasema, siyo hizi za CD. Nikasema na mimi nazikumbuka, hasa ile ya vifaru. Wakacheka. Mmoja akasema, "Shemeji, wewe ulikuwa unapita tu kwenye vibanda vya gemu ukienda sokoni."

Kupita! Hasira hiyo nimelala nayo wiki nzima. Mume wangu ananiambia niyaache. Siyaachi.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia kwetu, Manundu, pale Korogwe mjini. Ndiyo desturi: mimba ya kwanza unarudi kwa mama yako, unajifungua, unatunzwa ndani siku arobaini, ndipo unarudishwa kwa mumeo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi tu, na nilidhani siku arobaini ni chache. Sivyo. Ni uji wa pilipili manga mpaka unakutoa jasho. Ni maji ya moto asubuhi na jioni, mama anakukanda kama anafua jamvi. Na mlangoni hutoki. Mama alikuwa na genge lake sokoni, kwa hiyo mchana alinikabidhi kwa mama yake, bibi yangu, aliyeletwa kutoka Makuyuni kwa kazi hiyo moja ya kunilinda nisitoke.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenipa gemu. Enzi hizo biashara ilishaachiwa huru, kila mtu anauza kitu ambacho jana hakikuwepo. Kaka aliacha mitumba akafungua kibanda cha gemu karibu na stendi. Alikuwa na TV moja ndogo, nyeusi na nyeupe, ambayo wateja waliikataa, na mashine ambayo kaseti yake imekwama ndani haitoki. Kaseti yenyewe ni ya vifaru. Akavileta vyote chumbani kwangu.

"Jichezee, usizubae," akasema. "Ila usijisumbue kuimaliza. Ina raundi thelathini na tano. Manundu nzima tumeimaliza watatu. Mwanamke hajafika hata ya kumi."

"Wanawake umewaruhusu lini kuingia kibandani kwako?"

"Ndiyo maana hawajafika."

Jibu gani hilo? Alipotoka tu nikahesabu siku. Zimebaki thelathini na moja. Kang'ata kwa mume wangu umeme hakuna, na mashine ile haina kumbukumbu, ukizima unaanza upya. Ama niimalize ndani ya arobaini yangu, ama nisiimalize maisha.

Kwa asiyeijua: unaendesha kifaru. Chini katikati kuna ndege amezungushiwa ukuta wa matofali. Vifaru vya adui vinashuka kutoka juu, ishirini kila raundi, vinataka kumpiga ndege huyo. Akipigwa, mchezo umekwisha, hata kama wewe mwenyewe mzima. Peke yangu niliishia raundi ya sita. Mkono mmoja umeshika mtoto, wa pili hauwezi kukimbiza vifaru ishirini. Nikampa bibi pedi ya pili, kile kidude cha kuchezea chenye waya.

"Mke mwenzangu," akasema, kwa kuwa bibi na mjukuu kwetu ni watani, "unataka nife na kamba mkononi?"

"Shika. Babu angekuwa hai angenichezea yeye. Ndiye aliyenipenda mimi."

"Alikupenda kwa sababu hukuwahi kumpikia."

Akashika. Nikamwonyesha kitufe cha kwenda na kitufe cha kupiga. Raundi ikaanza, kifaru chake kikajigeuza polepole, kikatazama chini, kikapiga matofali. Kikapiga tena. Ndege akalipuka, mchezo ukaisha.

"Bibi! Umefanya nini?"

"Si mwewe yule?"

"Ndiye tunayemlinda!"

Bibi akaiweka pedi chini. "Mwewe amenimalizia vifaranga kumi na mmoja mwaka huu. Wewe unaniambia nimlinde?"

Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Siku tatu nzima kila mchezo uliisha hivyo hivyo, nusu kwa kusahau, nusu, nakuapia, kwa makusudi. Siku ya nne nikaacha kumwambia habari za ndege. Nikamwambia, "Bibi, pale ni shamba lako la mpunga. Wale wanaoshuka ni ndege waharibifu. Wewe unaamia."

Kuamia anakujua. Tangu mtoto amekaa mashambani Makuyuni msimu kwa msimu akifukuza ndege na nyani. Akakisogeza kifaru chake pembeni mwa ukuta, akakituliza. Hakwenda popote. Adui akitokea kushoto, pu. Kulia, pu. Vifaru vikali vinavyohitaji risasi nne alivipiga nne bila papara, huku akivitukana kwa Kizigua. Mimi nikapata uhuru wa kwenda mbele kuwinda na kuokota nyota za kuongeza nguvu. Tatizo lilikuwa moja: kwenye TV ile wote tulikuwa rangi ya kijivu. Kila nikirudi ukutani ilibidi nipige kelele, "Ni mimi, bibi!" Na bibi anajibu, "Sema ni nani mimi!" huku ameshanipiga, nimegandishwa.

Tulifika ya kumi. Tukafika ya kumi na nane. Mtoto ananyonya, pedi iko juu ya mgongo wake, na yeye hana habari. Adapta ikichemka bibi anaipepea kwa ungo. Mama aligundua siku ya ishirini na tano, akasema miale ya TV itanikausha maziwa. Bibi akamwambia, "Wewe nilikunyonyesha nikiwa na jembe mkononi. Ulikauka?" Mama akarudi sokoni. Tangu hapo akirudi jioni swali lake la kwanza likawa mmefika ya ngapi, la pili mtoto amelala.

Siku ya thelathini na tisa tulianza saa mbili asubuhi. Kesho yake mtoto ananyolewa, keshokutwa gari la mume wangu linakuja. Mama siku hiyo hakwenda sokoni, akabandika maji ya kunikanda, yakapoa, akayabandika tena. Ya ishirini. Ya ishirini na tisa, nikapoteza kifaru. Ya thelathini na mbili nikavipoteza vyote, nikabaki mtazamaji, nimekumbatia mtoto, machozi yananitoka kwa hasira. Bibi amebaki peke yake na kifaru kimoja.

"Unalia nini? Niambie wanatokea wapi."

Nikawa macho yake. Kushoto, bibi. Juu, juu. Tulia. Sasa! Ya thelathini na tatu. Ya thelathini na nne. Mama ameegemea mlango na taulo begani. Ya thelathini na tano bibi hakusogea hata hatua moja. Kifaru cha ishirini kilishuka katikati moja kwa moja, wakatazamana, bibi akapiga kwanza.

Hesabu ya alama ikapita. Kisha TV ikaandika namba moja.

"Imekuwaje?" mama akauliza.

"Imeanza upya," nikasema. "Ndiyo mwisho wake. Hakuna kitu kingine."

Tukapiga vigelegele watatu, majirani wakadhani kuna posa. Kaka akaja mbio kutoka kibandani. Nikamwambia tumemaliza. Akakunja mikono. "Mmemaliza? Haya, jenerali alipowapigia saluti alikuwa ameshika nini?"

Nikamtazama. Jenerali.

"Kaka," nikasema, "hujawahi kufika wewe. Wala wenzako wawili."

Sijawahi kumwona mtu mzima akitafuta viatu vyake haraka namna ile, na alikuwa amevivaa.

Shemeji zangu, wakija tena nitawauliza swali hilohilo la jenerali, na chai sitii sukari mpaka wajibu.

Gari la mume wangu lilikuja keshokutwa yake kama ilivyosemwa. Mama alinisindikiza na mtoto na ndoo ya unga wa uji. Dereva alipiga honi, akapiga tena, namngoja bibi atoke aniage. Hakutoka. Nikamwita dirishani.

"Nenda salama, mke mwenzangu," akajibu kutoka ndani. "Wanashuka wawili hapa, siwezi kuacha."