Mwani Uliotaka Kutuhamisha Mbwera

Juzi nilishuka Kibiti kununua nazi, na pale sokoni nikapita kando ya mama mmoja aliyeanika uduvi mkavu, wale kamba wadogo kama punje, juu ya mkeka. Wewe unajua uduvi unavyonuka. Asiyeuzoea hukunja pua akapita upesi. Mimi nilisimama, nikasimama mpaka yule mama akaniuliza, "Bibi, nikupimie?" Miguu yangu ilikuwa Kibiti, lakini mwenyewe nilikuwa nimesharudi Mbwera, kisiwani kwetu kwenye midomo ya mto Rufiji, nina miaka tisa, nimevaa gauni lililoshonwa kwa vipande vilivyobaki dukani kwa baba.

Duka letu lilikuwa la pekee upande ule wa kisiwa. Babu alikuja kutoka Kachi, Bara Hindi, akiwa kijana, akalifungua, na baba akazaliwa humo humo, nyuma ya magunia. Lilinukia mafuta ya taa, sukari guru na bafta mpya, kile kitambaa chembamba cheupe. Ukutani ilining'inia picha ya mfalme wa Waingereza, ambayo bibi aliifuta kila Ijumaa, si kwa mapenzi, ila kwa kuwa hakuvumilia vumbi popote lilipokaa.

Bibi huyo, mama yake baba, alikuwa mwembamba kama ufito, na kazi yake kubwa duniani ilikuwa kutia vitu achari. Ndimu, embe mbichi, mbilimbi, hata maganda ya tikiti. Mitungi yake ilijipanga uani kama watoto wa madrasa. Matope hakuyataka kabisa. "Matope hayana adabu," alituambia. "Ukiyapa kidole cha mguu, yatataka nyumba nzima."

Lakini matope ndiyo yaliyotulisha sote. Mbele ya nyumba zetu maji yakipwa, ufuko wa tope na mchanga ulifunguka hadi mbali, ukiwa na majani mafupi ya baharini, na katika vidimbwi na maji ya magotini wanawake walitanda uduvi. Walikwenda wawili wawili, wameshika bafta kwa ncha, wanaizamisha, wanatembea hatua chache, kisha wanaiinua kwa pamoja, na katikati yake vinarukaruka vijidudu vya rangi ya waridi kama mchele uliopata uhai. Aliyewaongoza ni jirani yetu, mjane mwenye mabega mapana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Watoto wake wanne aliwalea kwa bafta ile. Siku za bamvua, maji yanapopwa mbali sana, alituletea bakuli zima, na bibi aliukaanga uduvi kwa vitunguu, bizari na pilipili, akautia tui zito na ukwaju, tukaula kwa wali mpya. Jirani akionja alicheka: "Shoga, umeuvalisha uduvi wangu nguo za Kihindi!"

Mimi nilitamani kushika ncha moja ya ile bafta kuliko nilivyotamani Idi. Bibi alikataa.

Basi mwaka mmoja, masika yalipokwisha, likaja tishari, chombo bapa cha mizigo, kuchukua boriti za mikoko. Lilikwama kwenye fungu la mchanga mbele yetu, na wenye nalo walipochoka kulivuta wakaliacha hapo. Tumbo lake lilikuwa limeota mwani ambao hata wazee hawakuujua, wa kijani cha kasuku, laini, uliochanua kama manyoya ya kuku. Watoto tuliuchuma tukajipamba nao nywele. Jirani akauita mwani manyoya, na jina likashika.

Kufika kaskazi, tishari lilikuwa limeshaoza, na manyoya yalikuwa yametanda ufuko mzima.

Sijui nikueleze vipi. Kwa mbali ulikuwa mzuri, kama zulia. Ukiukanyaga, mguu ulizama kwenye ute na chini yake tope lilikuwa jeusi, linanuka yai viza. Yale majani mafupi yetu yalifunikwa yakafa. Chaza wakafunga milango wasiifungue tena. Samaki tasi waliokuja kula ufukoni wakauonja mwani ule, wakaondoka wasirudi. Nao uduvi, maskini, haukuwa na pa kujificha wala pa kula. Jirani alizamisha bafta kutoka asubuhi hadi maji yakamfika kifuani, akainua manyoya matupu. Nilimwona akiyakung'uta, akizamisha tena. Sauti ile ya kuita ng'ambo ya mto ikanyamaza, na kisiwa kizima kikawa kama nyumba yenye mgonjwa.

Wanaume waliushambulia kwa majembe na mapanga. Waliukata, wakausukuma majini uchukuliwe na bahari. Loo! Kila kipande kilichokatwa kilitulia mahali kikaota. Kwa kila fungu waliloling'oa, mwezi uliofuata yalizaliwa mawili. Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, alikuja na motaboti kutoka Utete, akautazama, akatia kidogo ndani ya chupa, akasema ataandika barua. Baada ya siku nyingi akaja karani wake na maneno mengine: serikali inaona ni bora watu wahamie bara, huko watapewa mashamba.

Familia kadhaa zikafunga mizigo. Jioni moja baba aliketi na bibi barazani, nami nikasikia.

"Mama, mvua za mwaka huu zikiisha tunahamia Kibiti. Duka bila watu ni banda tu."

"Na kaburi la baba yako?"

Baba aliinuka akawasha taa. Nilikwenda nyuma ya magunia nikalia, maana ndani ya akili yangu Kibiti ilikuwa nchi isiyo na maji hata ya kulowesha kidole.

Bibi alipohuzunika hakulia, alitafuta kitu cha kutia achari. Kesho yake alinituma ufukoni nikamletee pakacha la mwani manyoya. "Kama tumeletewa huu tu," alisema, "basi tutaula huu." Aliugawa. Nusu akaiacha kwenye karai na maji yake ya bahari, nusu akailoweka kwenye mtungi wa maji ya kisima ili itoke chumvi. Asubuhi iliyofuata ule wa karai ulikuwa umesimama, unang'aa. Ule wa mtungi ulikuwa mweupe kama utumbo, umelegea, ukiushika unayeyuka mkononi.

Bibi alikasirika. Achari yake imeharibika! Alikuwa anaumwaga uani, akinung'unika, jirani alipoingia kuomba moto. Akasimama. Akachuchumaa, akatia kidole kwenye ule ute.

"Shoga, umeufanya nini huu?"

"Sikuufanya lolote. Maji ya kisima tu."

"Maji baridi?" Kwetu ndivyo tunavyoyaita maji yasiyo na chumvi.

"Maji baridi."

Jirani akakaa chini pale pale kwenye maji machafu. "Umeuua," akasema, na safari hii sauti yake ya zamani ilitoka. "Wallahi umeuua! Sisi tunaukata kwa mapanga, kumbe unaogopa kuoga!"

Kisha akasimulia jambo nililokuwa sijalisikia. Mama yake alimwambia kwamba zamani, wakati wa gharika, mkono mmoja wa mto Rufiji ulipita nyuma ya kisiwa ukamwaga maji baridi ufukoni kwetu. Tope na mizizi ya mikoko vikauziba, ukasahauliwa. Njia yake bado ilionekana, bonde jembamba lenye matete. Mto ungefurika baada ya wiki chache. Kama bonde lile lingefunguliwa kabla, maji yangekuja yenyewe.

Wavuvi wengine walicheka. Mzee mmoja aliuliza kama wanawake wanataka kuuchota mto kwa vibuyu. Lakini mwalimu wetu wa madrasa, mtu mpole ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti, alisimama baada ya sala ya Ijumaa akasema: "Maji hayabembelezwi. Huonyeshwa njia tu. Kesho madrasa imefungwa, tunakwenda kuyaonyesha."

Tulichimba, rafiki yangu. Tulichimba maji yakipwa, tukapumzika yakijaa. Wanaume walikata mizizi kwa mashoka, wanawake wakazoa tope kwa madebe na pakacha, watoto tukapokezana kwa mstari. Baba alifungua marobota ya majembe aliyokuwa ameyafunga kwa safari ya Kibiti, akayagawa. Siku ya tatu nilinyanyua kichwa nikamwona bibi. Amekunja sari hadi magotini, amesimama ndani ya tope jeusi, debe kichwani. Watu wote waliacha kuchimba.

"Mnatazama nini?" akasema. "Mto unawasubiri ninyi?"

Yule mzee aliyecheka alikwenda nyumbani, akarudi na shoka.

Tulibakiza kingo nyembamba upande wa mto. Mvua za bara ziliponyesha na mto ukapanda, maji mekundu yalianza kulamba kingo ile, na alfajiri moja ikakatika yenyewe kwa mshindo. Tulikimbia kando ya mfereji tukishindana na maji, yakatushinda. Yaliingia ufukoni yakiwa na matete, povu na harufu ya udongo wa mbali, yakatanda. Bahari ilipojaa iliyasukuma nyuma, ilipopwa yakarudi. Siku kumi tulikaa hatuoni kitu ila wekundu. Jirani hakulala vizuri, na baba hakufunga wala kufungua mizigo.

Gharika ilipotulia, tukashuka. Manyoya yote yalikuwa meupe, yamelala. Uvundo wake ulitufukuza nyumbani wiki nzima, na sijapata tena kusikia watu wakiushangilia uvundo namna ile. Vipande vichache vilivyobaki hai tuliviokota kimoja kimoja, tukavipandisha nchi kavu, tukavianika juani vikawa vumbi. Hakuna aliyetupa hata unyuzi majini. Tulikuwa tumekwishajifunza.

Uduvi haukurudi siku hiyo wala mwezi huo. Ulirudi vuli. Jirani alipita dukani na bafta mpya begani, akamwangalia bibi. Bibi akaniangalia mimi, akanisukuma mgongoni. Nilishika ncha yangu kwa mikono miwili. Tulizamisha, tukatembea, jirani akasema "Haya!" tukainua, na ile bafta ilikuwa nzito, inacheza, ya waridi tupu. Vigelegele vilianzia ufukoni vikafika msikitini. Baba alitoka dukani akiwa bado na pishi ya mchele mkononi.

Hatukuhama. Nilihama mimi, baada ya miaka mingi, kwa kuolewa. Bibi, jirani, mwalimu, baba, wote wamelala katika mchanga ule ule, na pale lilipokuwa duka sasa kuna minazi. Mwaka jana kijana mmoja wa motaboti alinipitisha nyuma ya kisiwa, mahali ambapo maji ni mapana kiasi cha motaboti mbili kupishana. Nikamwambia kwamba mto huu tuliuchimba kwa madebe.

Alicheka kwa heshima. "Bibi, mto huu haukuchimbwa na mtu. Huu ni wa Mungu."

Niliinama nikatia mkono majini, nikayaonja. Yalikuwa baridi.