Handibreki ya Mzee Vuta

Kazini walimwita Mzee Vuta, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Dereva yeyote akiegesha gari mbele yake, kabla hajazima injini alisikia sauti kutoka mlango wa karakana: "Vuta! Vuta handibreki wewe, unafikiri hilo ni godoro?" Alikuwa ameendesha magari ya ofisi ya upimaji ardhi miaka thelathini na mmoja, amepanda nayo milima ambayo mbuzi wenyewe wanaipanda kwa kusitasita, na hakuwahi kukwaruza hata mlango. Mtu wa namna hiyo huwa hachoki kuwakumbusha wengine.

Uwanja wa ofisi ulikuwa mteremko mtupu. Aliyeuchora sijui alikuwa na ugomvi na nani, maana geti alilipachika juu, karakana katikati, na choo cha wafanyakazi chini kabisa. Gari lililoegeshwa kizembe lilikuwa linakitazama choo, na aliyekuwa chooni alikaa akimwomba Mungu.

Yalipoletwa magari ya otomatiki, madereva walifurahi kama watoto shule ikifungwa. Wakamwambia, "Mzee, hizi zina P ya kuegeshea. Ukishaweka P umemaliza, shuka zako." Mzee Vuta akawanyooshea kidole cha shahada. "Hiyo P mnayoiabudu ni kijino cha chuma ndani ya gia, unene wake huu hapa. Mnalitundika gari zima kwenye kidole kimoja, halafu asubuhi mkilitoa linapiga 'kta!' mnasema limelogwa." Kisha akawaimbia utaratibu wake, kwa mara ya elfu: mguu kwenye breki, gia kwenye N, yaani huru, vuta handibreki, achia mguu taratibu gari likalie handibreki, na hapo ndipo uweke P. Alikuwa anasema kweli tupu, na hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu aliisema kweli hiyo kama mtu anayetema mate.

Aliyeonja mate hayo kuliko wote alikuwa mkwe wake. Kijana huyo aliingia pale ofisini akiwa mfagiaji wa karakana, na Mzee Vuta ndiye aliyemfundisha kuendesha, jioni baada ya kazi, kwenye ule ule mteremko. Alimfundisha vizuri, lakini kwa spana mkononi. Akisahau handibreki, anagongwa vifundo vya vidole. Akiachia mguu haraka, anaambiwa, "Kichwa chako Mungu alikupa cha kuvalia kofia." Kijana alijibu, "Ni kweli, mwalimu," akarudia tena mpaka mkono ukajua wenyewe. Mwaka uliofuata alipata leseni, na mwaka uliofuata tena akamwoa binti wa mwalimu wake, mtoto pekee.

Wakahamia vyumba viwili vya nyuma katika nyumba ya mzee, kwa kuwa mama wa binti alikuwa ameshafariki na nyumba ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja. Walikula pamoja. Mara nyingi, tonge likiwa bado mdomoni, mzee alimgeukia mjukuu wake wa miezi minane na kumwambia, "Baba yako huyu nilimtoa kwenye ufagio. Ukikua umuulize." Mkwe alijibu, "Ni kweli, baba," akaendelea kutafuna. Binti aliinuka kukusanya sahani hata ambazo hazijaisha. Mzee aliona kwamba hayo ni mazungumzo ya kawaida ya familia.

Kisha siku moja afisa usafirishaji akawaita. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano, mwenye kusema mambo makubwa kwa sauti ya kuagiza chai. Akasema magari ya zamani yote yanauzwa, na ya otomatiki linabaki moja tu, na gari moja linataka dereva mmoja. Madereva wengine walikuwa wameshapunguzwa; waliobaki ni wawili, Mzee Vuta na mkwe wake. Jumatano wangejaribiwa kwenye mteremko, hapo hapo uwanjani, na atakayeshindwa atakwenda zake.

Hakuna aliyekuwa na shaka juu ya nani angebaki, na mzee alikuwa na uhakika kuliko wote. Usiku ule ule wa tangazo alimwambia mkwe wake mezani, kwa moyo mweupe kabisa, "Usijali. Nina rafiki yangu ana sehemu ya kuosha magari. Nitakuombea nafasi." Alidhani amemfariji. Mkwe akasema, "Asante, baba." Binti akakusanya sahani.

Jumatano ilifika. Kuosha gari asubuhi ile ilikuwa zamu ya mkwe, naye akaliosha nje na ndani mpaka likang'aa. Afisa alichora mstari mweupe kwenye sehemu kali ya mteremko, akaeleza jaribio: panda, simama kwenye mstari, egesha, miguu yote sakafuni. Gari likishasimama, yeye angeweka kiberiti nyuma ya tairi, shubiri moja tu. Gari likirudi likakivunja, umeshindwa. Makarani walijaza madirisha, mpokeaji wageni akaiacha simu ilie peke yake, na fundi wa karakana akatoka na kikombe chake cha chai.

Mzee alitangulia. Alipanda kwa ulaini, akasimama juu ya mstari utadhani amepimiwa kwa rula. Mguu kwenye breki, gia kwenye N, akavuta. Mkono wa handibreki ulipanda ukilia kama siku zote, ila alihisi umekuja kiulaini kidogo. Akajiambia magari ya siku hizi ni laini kama wenyewe wanaoyanunua. Akaachia mguu.

Gari likaondoka. Aliukandamiza tena mguu kwenye breki, na kwa umri wake aliwahi sana, lakini shubiri ni shubiri. Nyuma kulisikika mlio mdogo wa kitu kikavu kinachovunjika.

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa tayari kumhurumia. Ndipo mkwe wake, aliyekuwa amesimama pembeni akisubiri zamu yake, akapaza sauti: "Jamani! Mzee Vuta kavuta hewa!"

Madirisha yakapasuka kwa kicheko. Mpokeaji wageni alijishikilia ukuta. Hata afisa aliuma midomo alipoinama kukiokota kiberiti, kimekuwa bapa, vijiti vimetoka pande zote. Mzee alishuka garini akiwa na uso wa mtu aliyevuliwa suruali sokoni.

"Naomba nirudie," akasema. "Kuna kitu hakiko sawa."

"Mzee wangu, kule milimani kuna kurudia?" afisa akamjibu.

Zamu ya mkwe ikafika. Yeye alisimama kwenye mstari, akaweka P moja kwa moja, mguu ukiwa bado kwenye breki, handibreki akaivuta baadaye kwa kuonyesha tu. Alipoachia mguu, gari lilirudi vidole vinne nyuma, likaning'inia kwenye kijino chake, likatulia. Kiberiti cha pili kilibaki kizima. Watu wakapiga makofi.

Kesho yake mzee alikuwa karakana akikabidhi makoti ya mvua na funguo za magari ya zamani, fundi akamwita kwa mkono. Alikuwa amefungua kijisanduku kilichopo kati ya viti viwili vya mbele, pale panapopita waya wa handibreki. Akaelekeza tochi. Nati inayoukaza waya ule ilikuwa mwisho kabisa wa uzi wake, karibu kudondoka, na pembeni kulikuwa na mikwaruzo mipya ya spana, bado inameta.

"Mzee, hii haikulegea," fundi akasema. "Hii imelegezwa."

Mzee Vuta alikaa chini juu ya tairi kuukuu. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Kwa mtu mwingine yeyote pale uwanjani hila ile isingefanya kazi, kwa kuwa wengine wote hawatoi mguu mpaka wameweka P. Ni yeye peke yake anayeliachia gari likalie handibreki kwanza. Aliyeujua utaratibu huo kwa mpangilio, hatua baada ya hatua, alikuwa ni yule aliyefundishwa kwa kugongwa vidole. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo hiyo alikuwa ameishona kwa mkono wake.

"Kesho asubuhi naenda kwa afisa," fundi akaendelea, kwa hasira ya mtu mwema. "Jaribio lako litarudiwa, na huyo mshenzi atatoka geti lile kabla ya chai. Lala salama, mzee."

Alipofika nyumbani, binti alikuwa ukumbini akimwogesha mtoto kwenye beseni. Mzee akasimama mbele yake bila kuvua viatu.

"Mumeo yuko wapi?"

"Ametoka kidogo. Kuna nini, baba?"

"Kuna mtu alilegeza handibreki ya gari la jaribio."

Binti aliendelea kumwagia mtoto maji mgongoni, kikombe baada ya kikombe. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Mimi ndiye niliyemwambia afanye hivyo."

"Wewe?"

"Yeye alikuwa anaogopa. Alisema wewe ukipanda gari tu utajua. Nikamwambia, baba akishajiamini hajui chochote."

Mzee alitafuta kiti. Mtoto alipiga maji, akacheka.

"Mimi ni baba yako."

"Najua, baba. Wewe ukiondoka kazini una nyumba, na watu watasema mzee amepumzika. Yeye akiondoka atarudi kwenye ufagio, na wewe utamkumbusha kila siku wakati wa kula. Utamkumbusha mbele ya mwanangu mpaka mwanangu naye ajifunze." Akamfunga mtoto taulo, akamkausha masikio kwa uangalifu. "Ungekuwa mtu mwingine tusingethubutu. Mtu mwingine angemtaja."

Mzee alikuwa amemzika mkewe, na siku ile alidhani ameshayajua maumivu ya mwisho. Alikosea. Alitaka kumtukana binti yake, na matusi alikuwa nayo ya kutosha kijiji kizima, ila kila alilolishika aliona kwamba ameshalitumia kwa mkwe wake. Akaingia chumbani kwake na viatu miguuni.

Ijumaa asubuhi afisa aliwaita, yeye na fundi. Nati ilikuwa juu ya meza, kwenye kipande cha karatasi. Afisa alikuwa amebadilika, akamvutia mzee kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Mzee, naomba radhi. Fundi amenieleza. Nitajie aliyeshika gari hili siku ile. Ukinitajia, jaribio tunarudia leo, na huyo mtu anaondoka na karatasi yake itakayomfuata kila atakapoomba kazi."

Mzee Vuta aliitazama nati. Kazi yake ilikuwa pale mezani, na jina lake, na kicheko cha wale makarani ambacho kingeweza kurudishwa midomoni mwao kabla ya saa sita.

"Nililegeza mimi," akasema.

Fundi aligeuka. "Mzee!"

"Niliona imekaza mno. Nikataka kuirekebisha kidogo, mkono ukazidi. Macho nayo siku hizi si macho."

Afisa alivuta karatasi na kalamu. Alikuwa mwerevu, na pengine alielewa, lakini karatasi haina mahali pa kuandika ulichoelewa. "Basi nitaandika hivyo," akasema. "Kwamba ulichezea breki za gari la ofisi kabla ya jaribio. Na kwa hali hiyo, mzee, hatutaweza kukuandikia barua ya kukusifu. Hata hafla ya kukuaga itabidi tuiache."

"Andika."

Fundi alitoka bila kumpa mkono. Walikuwa wamekunywa chai pamoja miaka kumi na minane. Nje ya mlango mzee alimsikia akimwambia mpokeaji wageni, "Kumbe muda wote huu tulikuwa tunafundishwa na mpumbavu."

Nyumbani, binti alikuwa anamsubiri mlangoni, mtoto begani.

"Umesemaje, baba?"

"Nimesema ni mimi."

Binti alifumba macho, akashusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu Jumatano. "Asante, baba," akasema, na alikuwa anashukuru kweli. Mzee akasubiri. Alidhani sasa kutakuwa na neno jingine, labda machozi, labda atamshika mkono hata kwa kisingizio cha kumpa mtoto. Binti alimhamishia mtoto bega la pili.

"Kuna jambo moja tu, baba. Asubuhi anapokwenda kazini, usiwe unakaa hapa barazani. Anakuonea haya. Tangu juzi hata kula hali."

"Baraza hii nimeijenga mimi."

"Najua. Ni asubuhi tu. Dakika tano tu."

Jumatatu aliamka mapema kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja, akachemsha chai, akaenda kuinywa barazani. Jua lilikuwa halijapata nguvu. Akasikia mlango wa vyumba vya nyuma ukifunguliwa, na viatu vilivyopigwa rangi vikija na ujia wa pembeni. Akainuka. Akabeba kigoda kwa mkono mmoja na kikombe na kisahani chake kwa mkono mwingine, akaingia ndani, akausukuma mlango kwa kiwiko.

Viatu vikasimama nje.

"Baba ameamka?" mkwe akauliza.

"Hayupo," binti akajibu kutoka nyuma yake.

Nyuma ya mlango, mzee alikishika kikombe kwa nguvu kisije kikagonga kisahani.